Picha Nilizopiga Kwenye Kochi la Madam

Madam alianza kulia siku ya Jumanne, baada ya swala ya alasiri, sebuleni kwake Suwaidi, mtaa wa Riyadh, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na sinia la chai. Alikuwa akimlilia bibi mmoja wa Kichina kwenye televisheni. Bibi yule alikuwa mbele ya cherehani katika kiwanda fulani huko Marekani, sindano imemchoma kidole, naye anakifunga haraka kwa kipande cha kitambaa ili msimamizi asione damu, kisha anaendelea kushona. "Miskina," madam akasema, akavuta karatasi ya kujifutia machozi. "Wallahi, miskina." Akaonja chai, akakunja uso, akanirudishia kikombe bila kugeuka. Chai ilikuwa imepoa kwa sababu sikutaka kumkatiza kilio chake.

Nilirudi jikoni nikawasha jiko kwa hasira. Kidole changu cha shahada kilikuwa na lengelenge la pasi ya juzi, nami nilikuwa nimekifunga kwa kitambaa vilevile. Kidole hicho kilikuwa kimeshika lile sinia, karibu kabisa na sikio lake, na hakuna aliyesema miskina.

Filamu ililetwa na binti wa madam, kitinda mimba wake, aliyerudi kutoka masomoni Marekani miaka miwili kabla. Alikuwa ameombwa kuizungumzia mbele ya wanawake wenzake huko Jeddah, na yeye ni mtu wa kujiandaa. Wiki mbili nzima aliitazama, akaisimamisha, akairudisha nyuma, akaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa napiga pasi kwenye ujia unaotazamana na mlango wa sebule. Kwa hiyo niliiona vipande vipande, mwisho kabla ya mwanzo, kama mtu anayekula makombo ya sahani za wengine na kujaribu kukisia kilipikwa nini. Kiingereza nakielewa. Nilimaliza kidato cha nne na nikapita, jambo ambalo binti wa madam husahau kila anaponisema kwenye simu.

Si filamu ya matajiri. Hakuna bunduki, hakuna magari yanayofukuzana. Ni wanawake watatu, chumba kimoja na sufuria ya uji wa mchele. Bibi aliondoka China akiwa kijana, akamwachia mama yake mtoto wa kike wa kulea. Kule Marekani alishona makoti. Kila mwaka wao mpya ulipokaribia, alitoroka na koti moja Jumamosi, akalivaa, akasimama mbele ya gari la mtu asiyemjua, akapigwa picha. Jumatatu asubuhi koti lilikuwa limerudi kwenye rundo. Kikaratasi cha bei alikisokomeza ndani ya mkono wa koti kisionekane. Picha zikaenda nyumbani, mtoto akakua akizitazama. Alipopata umri wa msichana akavuka bahari kumfuata mama wa kwenye picha, akamkuta mwanamke mwingine kabisa, akaketishwa kwenye cherehani ya pili yake. Miaka mingi baadaye, bibi amekwisha kuzikwa, ni mjukuu aliyezaliwa kule anayepanga picha zile mezani na kuona kwamba katika kila moja kuna uzi mweupe wa kile kikaratasi cha bei unaoning'inia kwenye mkono wa koti.

Nilipouona ule uzi nilisahau kuinua pasi, nusura niunguze kanzu ya baba, yaani bosi mwenyewe. Niliutambua mara moja. Na mimi nina wangu.

Ngoja nieleze, maana walioko nyumbani hawajui na sisi tulioko huku hatusemi. Ijumaa mchana familia huenda kula kwa mama yake baba. Nyumba inabaki tupu kwa saa tatu. Nyumba ya pili kuna dada mmoja Mkenya, na ya tatu yuko mwingine, na mapaa yetu yanapakana. Kuna mkoba mmoja mwekundu ambao hakuna anayekumbuka ulianza kuwa wa nani. Unavushwa juu ya ukuta wa paa ndani ya kapu la nguo za kuanika, leo kwangu, wiki ijayo kwa mwenzangu. Mwenye zamu anaoga, anajipaka mafuta, anashuka sebuleni, anapiga picha kwenye kochi la dhahabu, anatuma nyumbani.

Yule dada wa nyumba ya pili ndiye aliyenifundisha, wiki yangu ya tatu, tukiwa tumeinama nyuma ya tangi la maji. "Usiegemee," aliniambia. "Ukiegemea mto unabonyea, na madam atajua tu. Vua viatu, hiyo kapeti inashika alama. Kaa hapo kwa ukingo, cheka kidogo. Na mikono ficha nyuma ya mkoba, hiyo Jik imeshaikula."

Ndivyo tunavyokaa. Magoti pamoja, mgongo wima, miguu mitupu, makalio yamegusa kochi nusu, mikono haionekani. Nipe picha mia za wanawake waliokaa kwenye makochi ya Saudia, nitakutolea zetu bila kutazama nyuso. Mama yangu alipopata ya kwanza alinipigia simu akicheka kwa furaha. "Umekaa kama mke wa gavana," alisema. Alikwenda kuisafisha mjini, ikatiwa fremu, ikatundikwa juu ya kabati la vyombo. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akalelewa na mama yangu chini ya picha hiyo.

Msiseme tulikuwa tunaringa. Wiki yangu ya kwanza nilituma picha ya kweli, nikiwa jikoni, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Presha ya mama ilipanda akalazwa siku mbili. Tangu hapo nikajua kinachotakiwa. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu yenye kamera. Yangu mimi ilikuwa imefika mwaka wa saba na bado ilikuwa inakwenda.

Ajenti aliyenileta naye aliomba yake. "Nitumie moja safi, umetulia," alisema, "nijue ulifika salama." Nikaona ana utu. Nikamtumia ile bora kuliko zote, kochi la dhahabu, mkoba mwekundu, mapazia ya zambarau nyuma yangu. Nilimshukuru na kumwombea baraka. Nikikumbuka hiyo dua natamani kujizaba kofi.

Jumatano ile, siku moja baada ya madam kumlilia Mchina, binti yangu alinitumia ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha mashine ya kufulia, ambacho ndicho chumba changu cha kulala. Alikuwa na miaka kumi na minane na nafasi chuoni, uuguzi, masomo yangeanza Septemba. Hiyo nafasi ndiyo sababu ya mimi kupumua hewa ya Riyadh. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Mathe, uko? Mathe, nina habari moto. Nimepata kazi Saudia! Paspoti iko, medical nimepita, bado tu kusaini. Nilitaka nikusupraizi lakini nimeshindwa kunyamaza. Ajenti ni yule yule wako. Na unajua ana picha yako kwa status? Ile ya kochi ya gold! Ati anaonyesha wasichana wote, anawaambia, ona huyu, huyu nilimpeleka mimi. Wakaniuliza, huyo ni mathe yako kweli? Nikasema eeh, ni mathe. Niliskia poa sana, mathe. Uuguzi itangoja."

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu nikausikiliza tena. Yule mwanamume alikuwa amenifanya chambo. Hakuniibia picha, nilimpa kwa mkono wangu, na mnofu uliotundikwa kwenye ndoana ulikuwa uso wangu unaocheka kidogo. Wasichana wa watu, ambao siwajui mama zao, walikuwa wananitazama kwenye simu ya mtu na kutaka kuwa mimi. Na wa kwanza kwenye foleni ni wa tumbo langu. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi wangu nilimfunza vizuri sana, Ijumaa baada ya Ijumaa.

Nilimjibu asisaini kitu mpaka tuongee. Akajibu kwa kidole gumba na moyo mwekundu.

Hapa lazima nimseme na mama yangu, maana hasira yangu haikuanzia Suwaidi. Mama alikuwa yaya Nakuru, kwa Wahindi wa Milimani, nami nilikua nikiamini kwamba ana bahati kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Alikuja nyumbani Jumapili akinukia waridi, shali ya hariri mabegani, akituletea biskuti kwenye karatasi ya kung'aa. "Kule tunakula meza moja," alituambia. "Mama mwenye nyumba ananiita dada." Nilikuwa na miaka tisa babu alipofariki, nikatumwa kumwita. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikamkuta amekaa kwenye ngazi za jikoni anakunywa chai kwenye kikombe cha bati kilichobambuka ukingoni. Alipomaliza alikisuuza kwenye bomba la uani, akakiweka nje, kwenye kizingiti cha dirisha, na mlango wa jikoni ukafungwa kwa ndani. Kugeuka, akaniona. Njiani alininunulia mandazi mawili, siku ya msiba. Hatujawahi kuzungumza habari za kikombe kile, na mpaka naondoka nyumbani shali ya hariri ilikuwa bado inatoka sandukuni kila Krismasi.

Nilipofika Riyadh madam alinionyesha kikombe changu, cha plastiki, kijani, mahali pake chini ya sinki pamoja na dawa za choo. Nilikitazama nikacheka, na madam akadhani nimefurahi.

Wiki iliyofuata tulikwenda Jeddah. Wao kwa ndege, nami pamoja nao kwa ajili ya mjukuu wa madam, msichana wa miaka mitatu asiyekubali kulala ila kifuani kwangu. Dereva wa nyumba, Mkenya wa Bungoma, alitangulia na gari na mizigo. Tulifikia kwenye fleti ya kupanga yenye vyumba vinne. Mimi nilipewa godoro jikoni, kati ya friji na ukuta, na kila friji iliponguruma kichwa changu kiliitikia.

Filamu ilionyeshwa jioni mapema katika ukumbi mdogo, wanawake peke yao, manukato mpaka kooni. Nilipewa kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, mtoto akilia nitoke naye. Viti vilikuwa vya mahameli, virefu mgongoni. Filamu ilikuwa imefika katikati nilipogundua kwamba nimekaa ukingoni. Hakuna aliyenikataza kuegemea. Kiti kilikuwa changu kwa saa mbili, na mwili wangu ulikataa.

Kwa mara ya kwanza niliiona kwa mpangilio. Yule mtoto anaposhuka kwenye basi na kumtafuta mwanamke wa koti zuri, mama yake anapita mbele yake na mfuko wa mboga, na mtoto hamtambui. Kisha, chumbani, anamuuliza, "Kwa nini ulinidanganya?" Mama anamwekea uji kwenye bakuli na kusema, "Kula kwanza." Ukumbi mzima ulikuwa unavuta makamasi. Mimi sikulia hata tone. Nilitaka kuingia ndani ya ile filamu nimnyang'anye yule mama sufuria, nimwambie, mjibu mtoto! Amevuka bahari, mjibu!

Taa zikawaka, binti wa madam akapanda jukwaani na daftari lake. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema filamu inahusu upendo. Alisema kimya cha mama ni lugha, na ule uongo wa koti ni zawadi, na kwamba wanawake hawa wa Kichina wamebeba vizazi vyao mgongoni bila kuomba shukrani. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa najisemea moyoni, zawadi gani? Zawadi iliyomtoa mtoto kwao ikamkalisha kwenye cherehani? Mwanamke akidanganywa na ajenti inaitwa utapeli. Akidanganywa na mama yake inaitwa upendo na watu wanapiga makofi.

Kisha akafanya jambo ambalo najua alilifanya kwa nia njema, na kwa hiyo lilinichoma zaidi. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya ukumbi. "Hata nyumbani kwetu," alisema kwa Kiingereza, "tunaye mama kama huyu. Ni mmoja wetu." Vichwa vyote vikageuka. Niko pale, mtoto wa watu kifuani, udenda wake kwenye abaya yangu. Bibi mmoja mwenye miwani akauliza kama naweza kusema nilivyojisikia nikiitazama. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwangu.

Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa yamejaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Ningewaambia habari za kikombe cha kijani, za paspoti iliyo kwenye sefu ya baba, za wenzangu wa Kikenya wanaokaa ukingoni mwa makochi ya mabosi Ijumaa, wenyewe wakiwa hawapo. Madam alikuwa amegeuka kwenye safu ya pili. Hakunitisha. Alikuwa anatabasamu tu, kama mtu anayesubiri kamera.

"Ni filamu nzuri sana," nikasema. "Naishukuru familia yangu."

Wakanipigia makofi marefu kuliko aliyoyapata binti wa madam. Nilijichukia kwa kiasi ambacho sijui kukipima. Mtu ameniwekea kipaza sauti mkononi, nami nimevuta mkoba mwekundu nikaficha mikono.

Kwenye gari madam alinibana mkono. "Umesema vizuri," aliniambia. Na binti yake, machozi bado yanamlengalenga, akasema kesho nipewe ruhusa niende Sharafiya nikanunue chochote ninachotaka. Siku ya pili mchana dereva alinishusha mbele ya maduka ya simu. "Sista, dakika arobaini tu," aliniambia kwa Kiswahili chetu. "Bosi akipiga simu na hatuko, tumekwisha sisi wawili."

Sikununua kitu. Nilisimama kwenye kivuli cha duka moja, watu wa kila taifa wakinipita na mifuko yao, nikampigia binti yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba sitatoka pale bila kusema ukweli, na niliusema wote bila kuvuta pumzi. Kwamba kochi si langu na sijawahi kuliegemea. Kwamba nalala na mashine ya kufulia. Kwamba ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, naiona tu mkononi mwa mtu mwingine. Kwamba katika miaka saba nimekuja nyumbani mara mbili, na si kwamba sikutaka kuja zaidi, ni kwamba nilinyimwa ruhusa. Kwamba asisaini.

Kisha akasema, taratibu, "Mbona sasa?"

"Sasa nini, mwanangu?"

"Miaka yote Saudia ilikuwa sawa. Madam ni mzuri, mnakula pamoja, ulisema. Sasa zamu yangu imefika ndio imegeuka jela?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga picha ya godoro langu, friji, ufagio, sandali zangu. Nikamtumia hapo hapo. Nilisikia akishusha simu kuitazama. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa ya mtu anayemwonea mwenzake aibu.

"Hii si yako, mathe. Hata sakafu si ile. Hii umetoa kwa mtandao."

"Hii ni Jeddah, ile ni Riyadh!"

"Zi, hapana. Wewe hutaki tu nifike mahali umefika."

Nilimwambia ampe simu shosho yake. Nilijua mama yuko pale, huwa hayuko mbali na simu inayotoka Saudia. "Mama," nikasema, "mwambie. Mwambie habari za Milimani. Mwambie kikombe cha bati, kile cha nje dirishani. Nilikuona, Mama, na unajua nilikuona. Akisikia kwako ataamini. Nakuomba."

Pale Sharafiya magari yalikuwa yanapiga honi, dereva ananionyesha saa kwa kidole. Niliziba sikio moja. Nilisikia kuku wa mama uani kwake. Nilimsikia binti yangu akiuliza, "Kikombe gani, shosho?"

"Kikombe gani?" mama akarudia. "Mimi sikumbuki kikombe. Kule tulikuwa tunakula meza moja."

Nilikata simu. Ndiyo, nilimkatia mama yangu mzazi, na nikapiga teke pipa la taka la mwenye duka likaanguka, akatoka akinitukana kwa Kiurdu. Nikaliinua nikaokota taka moja moja, maana hiyo ndiyo kazi niliyozoea. Dereva alipofika kwenye taa za barabarani akanipa chupa ya maji.

Binti yangu alisaini Jumatatu iliyofuata. Ilimchukua miezi miwili kufika, na alipofika hawakumleta Riyadh. Wakampeleka Jeddah, nami nilikuwa nimesharudi Suwaidi kwenye pasi yangu ya nguo. Nilimwomba madam ruhusa ya siku moja, nikamweleza ni mwanangu, wa kumzaa, yuko nchi hii hii. "Mashallah," alisema, akanishika mkono kwa furaha ya kweli. "Inshallah likizo ijayo tukienda." Likizo ijayo ilikuwa mwaka ujao. Nilipojaribu kusema zaidi, ikawa halas, yamekwisha.

Wiki ya nne picha ikaja. Ijumaa, saa nane mchana, saa zetu zile zile. Kochi la kijani kibichi lenye nakshi, meza ya kioo, mapazia mpaka chini. Mwanangu katikati, amechana nywele, anacheka kidogo. "Niko poa mathe," alikuwa ameandika. "Madam ni mzuri." Sikutazama uso. Nilitazama miguu, ikawa mitupu. Nilitazama mto nyuma yake, ukawa umetuna, haujaguswa. Mkoba ulikuwa mweusi. Kuna mtu huko Jeddah, nyuma ya tangi la maji, alikuwa amemfundisha mwanangu kukaa.

Niliandika, "Umependeza." Nikafuta. Niliandika, "Nionyeshe mikono."

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu ikaja picha bila neno lolote, viganja viwili juu ya ndoo iliyopinduliwa, ngozi imepasuka kwenye vifundo vyote vya vidole, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Mikono ya muuguzi hiyo. Baada ya dakika chache ukafuata ujumbe.

"Mathe, usimwambie shosho."

Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira, uso ndani ya taulo za watu, mashine ikizunguka ili nisisikike. Kisha nikanawa, nikampigia mama. Alipokea kwa bashasha. Picha ya kochi la kijani alikuwa ameshaipeleka kanisani, akina mama wote wameiona, mchungaji ameiombea. "Amekaa kama mke wa waziri," alisema. "Nitaitundika kando ya yako."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Nikamtumia ile ya mikono.

Ilimchukua muda kuifungua, macho yake si mazuri. Nilisikia akivuta kiti. Nilisikia pumzi yake. Mjukuu wake alikuwa amenikataza nisimwambie, nami nilikuwa nimemwambia, na sikuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nimechoka na wanawake wa ukoo wetu wanaofichana mikono.

"Ni yake?" akauliza.

"Ni yake."

Kuku wake walikuwa wakilia uani. Kisha mama yangu, katika umri wake wa miaka sabini na mbili, akasema, "Kilikuwa cha buluu. Mvua ikinyesha kilijaa maji, nikawa nakimwaga kabla ya kutia chai."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nina miaka tisa, na yaliponifikia sikuyataka. Yalikuwa yamechelewa kwa miezi mitatu na bahari nzima.

"Usiniambie mimi," nikasema. "Namba yake unayo."